Mlio wa Bamba la Koo

"Nichome," alisema Inspekta.

Daktari wa meno, mmoja wa wanachama wa klabu ya upanga, aliushusha upanga wake. Alikuwa amemvalisha Inspekta kwa mikono yake mwenyewe: jaketi nene la pamba lililomfika mapajani, kikinga koo, glavu nene kama mikate, na barakoa ya wavu wa chuma yenye kitambaa kizito kilichoning'inia chini ya kidevu. Inspekta ni mwanamke mfupi wa makamo, na ndani ya mavazi yale alionekana kama godoro lililofungwa tayari kwa kuhamishwa nyumba. Koplo wake, aliyekaa kwenye benchi la ukumbi, alitazama dari ili asicheke.

"Afande, na wewe nikuchome?" daktari wa meno akauliza. "Jana mtu kachomwa hapahapa, na mumewe mpaka sasa yuko mahabusu."

"Ndiyo maana nataka kuujua huo mchomo wenyewe. Choma."

Kituoni walimwita Mama Tena, kwa sababu hakuna shahidi aliyewahi kumweleza jambo mara moja likamtosha. Na jambo la safari hii lilikuwa bichi. Jana jioni, katika ukumbi huu ambao mchana huchezewa mpira wa wavu, klabu ya upanga mrefu ilikuwa kwenye mazoezi ya kupambana. Mwalimu wa klabu alisimama kupambana na mumewe, fundi cherehani, ambaye kila mtu alimwita Fundi tu. Ncha ya upanga wa mume ikapita chini ya barakoa ya mke na kumpiga kooni. Mwalimu alilazwa, koo limevimba, hawezi kutoa sauti. Daktari wa zamu alisema ncha ingekuja na nguvu zaidi kidogo tu, leo wangekuwa wanazungumza habari nyingine. Kabla hata hospitali haijapiga simu polisi, kaka yake Mwalimu alishafika kituoni akigonga meza na kudai shemeji yake amefanya makusudi.

Mkuu wa kituo alitaka jibu kabla ya jioni: Fundi ashtakiwe kwa kujaribu kuua, au aachiwe. Fundi mwenyewe aliomba kitu kimoja, aende akamwone mkewe. Akakataliwa.

Daktari wa meno alivuta pumzi, akapiga hatua, akachoma. Ncha ilimgusa Inspekta kifuani, upanga ukajikunja kwenda juu kama upinde, na mikono ya mchomaji ikanyanyuka taratibu mpaka usawa wa kichwa. Inspekta hakurudi nyuma hata kidogo.

"Tena."

Akachomwa tena.

"Nimekusikia, lakini hujaniumiza," alisema. "Sasa nichome vibaya."

"Hilo sifanyi hata uniletee amri ya mahakama." Daktari wa meno akageukia mto uliofungwa ukutani, akakaza viwiko, akautupa mwili mzima nyuma ya upanga. Mto ulilia na ukuta ukatikisika. "Umeona? Upanga ule ule. Huku kwenye ncha wametengeneza chuma chembamba kwa makusudi, ili kijikunje. Ncha ikifika, wewe unalegeza viwiko na kuinua mikono, unaiacha ijikunje. Mwenzio anajua kachomwa, anakupa pointi, mnaendelea. Ukikaza viwiko, unakuwa umempelekea rungu."

"Na jana Fundi alikaza?"

"Mimi ndiye niliyekuwa refa. Alilegeza. Niseme ukweli, sijawahi kuona mchomo mzuri kama ule humu ndani." Aliuegemeza upanga ukutani. "Na ulikuwa wa kwanza."

"Wa kwanza kivipi?"

"Kumchoma mkewe. Miaka yote hiyo anakata, anazuia, lakini ncha hamwelekezei. Mwalimu alimbembeleza wee, mpaka akachoka. Sisi tukawa tunamtania Fundi kwamba anaogopa mke atavuja pamba."

"Jana kimempata nini?"

"Hilo kamuulize mwenyewe."

Koplo alikuwa amevitandaza vifaa vyote vya wanandoa wale juu ya benchi. Aliuinua upanga wa Fundi na kuonyesha ncha yake, chuma kitupu. "Afande, panga zote humu zina kofia ya mpira kwenye ncha. Huu hauna. Kaivua huyu."

Inspekta alivua glavu, akaichukua barakoa ya Mwalimu na kukigeuza nje ndani kile kitambaa cha kidevuni. Kofia ndogo nyeusi ya mpira ilikuwa imenasa kwenye mshono wa ndani. Akaichopoa na kumkabidhi Koplo kiganjani.

"Ingekuwa imevuliwa mapema, ingefikaje huku?"

Koplo aliitazama kofia ile, akaitia kwenye mfuko wa vielelezo.

"Tuseme mimi ni mgeni hapa," Inspekta akaendelea. "Nani anahakikisha kwamba nimevaa sawasawa kabla sijapambana?"

"Mwenzio." Daktari wa meno alimsogelea, akakunja kidole na kugonga kikinga koo chake kwa kifundo. Ko, ko. "Ndani ya kitambaa hicho kuna bamba la plastiki ngumu. Likiwa zima linalia hivyo. Likiwa na ufa linalia kama boga. Ni sheria ya Mwalimu mwenyewe: gonga koo kwanza. Hujagongwa, huingii."

"Jana nani alimgonga Mwalimu?"

Daktari wa meno akaanza kukung'uta vumbi lisilokuwepo kwenye mkono wa jaketi lake.

"Wale wawili hawagongani, Afande. Wanagusanisha barakoa. Paji kwa paji, hivi. Sisi huwa tunageukia ukutani kuwapa nafasi yao." Alijaribu kutabasamu, ikamshinda. "Tulikuwa tunaona raha tu kuwatazama. Hakuna aliyefikiria kwamba hapo mtu hajakaguliwa."

Inspekta aliomba mkasi. Alifumua kikinga koo cha Mwalimu, na bamba lililotoka lilikuwa na ufa kutoka juu hadi chini. Pembeni yake palikwaruzwa alama ya kifungo cha nguo. Kisha akafumua upande mmoja wa kile cha Fundi. Bamba la humo lilikuwa zima, linang'aa, na lilikwaruzwa mwezi mchanga.

"Hizi alama ni za nani?"

"Mwezi ni wa Mwalimu." Sauti ya daktari wa meno ilipungua. "Kifungo ni cha Fundi."

Koplo alisimama. "Afande, basi limekwisha. Bamba bovu kamwekea mke, zima kajiwekea yeye. Na mwenye sindano katika klabu nzima ni nani? Si huyo huyo aliyewashonea haya majaketi?"

"Ndiye," alikiri daktari wa meno kwa unyonge.

Inspekta alikuwa amekileta kikinga koo karibu na macho, anautazama mshono wa upande ambao hakuufumua. Halafu akauliza swali lililoonekana halina mbele wala nyuma.

"Glavu hizi, kitu kinaweza kupenya kikamchoma mtu kidoleni?"

"Hata msumari haupiti."

"Asubuhi nilipita hospitali. Mwalimu amelala, na kidole gumba cha kushoto kina plasta ndogo." Akageuka kwa Koplo. "Kamtoe Fundi mahabusu. Nataka nimwone dukani kwake."

*

Duka la Fundi lilikuwa la chumba kimoja: cherehani dirishani, meza ya pasi, mashati ya wateja yakiwa yametundikwa kwa kufuata rangi. Kaka yake Mwalimu alikuwa ameshasimama mlangoni, mtu mpana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Koplo alipofika na Fundi mwenye pingu, kaka mtu hakungoja salamu.

"Fungueni hapo nyuma ya pazia muone. Jana usiku nilichungulia dirishani nikaona. Huyu mtu alikuwa anajifunza kumuua dada yangu!"

"Shemeji," Fundi alisema taratibu, "unaniumiza."

"Usiniite shemeji."

Nyuma ya pazia palikuwa na sanamu la kupimia nguo, lenye kifua na kiuno bila kichwa, juu ya magurudumu madogo. Kifuani palichorwa duara la chaki, na kitambaa cha mle ndani ya duara kilikuwa kimechakaa kwa kuguswaguswa. Upanga wa mazoezi ulisimamishwa kwenye kona. Koplo alimtazama Inspekta kwa jicho la "sasa je?"

"Tueleze, Fundi," alisema Inspekta.

Fundi alikuwa mwembamba, na usiku mmoja wa mahabusu ulikuwa umemnyausha. Aliongea akiliangalia lile sanamu.

"Mke wangu anakwenda kwenye mashindano. Huko atachomwa na watu wasiomjua, wasiompenda. Mimi nambania ncha, kwa hiyo hazoei. Nikajiambia ni heri akutane nayo kwanza kwa anayempenda. Nilitaka kumshtukiza. Sikumwambia mtu, hata yeye."

"Na sanamu?"

"Kazi yake ni kutosogea. Ukimchoma vizuri, hasogei."

Inspekta aliuchukua upanga, akachoma kama alivyoona ukumbini. Sanamu liliondoka mbio, likagonga meza ya pasi, na shati la mteja likaanguka. "Samahani," alimwambia shati. Akalirudisha sanamu mahali pake. "Mfungue pingu, Koplo."

"Afande..."

"Mfungue."

Kaka mtu alirudi nyuma hadi mlangoni. Fundi alijisugua vifundo vya mikono, akaupokea upanga, na kwa muda akaonekana hataki hata kuutazama. Kisha akapiga hatua na kuchoma. Ncha ilitua katikati ya duara, upanga ukapinda juu, mikono yake ikapanda nao kama ya mtu anayenyanyua pazia kumpisha mgeni. Magurudumu hayakusogea.

"Tena," alisema Inspekta.

Akarudia. Sanamu lilitulia vilevile.

"Mwezi mzima nilikuwa nalikimbiza humu ndani," alisema Fundi. "Wateja walijua nimerukwa na akili." Akauweka upanga sakafuni, mbali na miguu yake. "Jana alipoona ncha inakuja kweli, alicheka. Nilimsikia ndani ya barakoa. Akainua kidevu akicheka, na mguu wake ulikuwa umeshaanza kuja mbele, maana kwangu huwa anaingia tu bila wasiwasi. Ncha ikateleza kutoka kifuani. Tangu jana nasikia kile kicheko kinavyokatika."

Inspekta alitoa kikinga koo cha Fundi kutoka kwenye mfuko, akakilaza chini ya taa ya cherehani.

"Hiki ni chako?"

"Ndiyo, changu." Aliinama. Uso wake ulibadilika ghafla, akawa fundi tena. "Lakini nani kashona hapa? Huu si mkono wangu. Tazama, mshono mmoja mrefu, mwingine mfupi, hapa kaenda kushoto, hapa karudi kama amesahau kitu. Na uzi gani huu? Huu si uzi wa nguo, huu ni uzi wa kusuk..."

Akakiinua kikinga koo karibu na macho.

"Malizia," Inspekta alimwambia kwa upole.

"Wa kusukia nywele."

"Koplo, soma alama kwenye lile bamba la ndani."

"Mwezi, Afande."

Fundi aliketi kwenye kiti cha wateja. Alipitisha kidole juu ya ule mshono uliopinda, mara ya kwanza, mara ya pili, akafika mahali palipokuwa na doa dogo la kahawia kavu, akakiacha kidole hapo.

"Kajichoma na sindano," alisema.

"Mazoezi yaliyopita nani alikuchoma kooni?"

"Lori. Kijana mmoja wa klabu, mkubwa hivi, bado hajajua kulegeza. Nilirudi nyumbani shingo haigeuki."

"Vifaa vyenu nani hukagua nyumbani?"

"Yeye. Mimi nashona, yeye anafuta jasho na kukagua. Tuligawana hivyo tangu tuoane."

"Basi alipofuta cha kwako, aligonga, akasikia boga. Na jana ulikuwa umepangwa na nani kwanza?"

"Na Lori." Aliinua macho. "Hakuna mwingine anayemmudu."

"Bamba jipya?"

"Tumeagiza. Halijafika."

"Angekuambia chukua langu, ungekubali?"

"Hata kidogo! Ningelirudisha palepale."

"Ndiyo maana hakukuambia." Inspekta alivuta kigoda na kuketi mbele yake. "Alibadilisha usiku, kwa uzi aliouona karibu. Lako bovu akalivaa yeye. Yeye jana alikuwa anapambana na mtu mmoja tu, na mtu huyo hajawahi kumchoma tangu waanze. Katika ukumbi mzima, mahali pekee alipoweza kusimama bila bamba ni mbele yako."

"Anaigiza!" Kaka mtu alisogea, lakini sauti yake ilikuwa imekosa nguvu. "Fundi mzima anashindwa kushona vibaya kwa makusudi?"

"Wewe ndiye umekua naye. Dada yako anajua kushona?"

Kaka mtu alikazia macho mshono ule.

"Aliwahi kunishonea kifungo," alisema hatimaye. "Shati la shule. Akashona kifungo, akashona na mfuko, akashona na sketi yake aliyokuwa ameivaa. Tulikwenda hivyohivyo mpaka kwa mama, tumeshikamana." Alicheka, na kicheko kikamgeukia kilio kabla hakijaisha. Alijifuta kwa mkono wa shati. "Nilitaka awepo wa kumlaumu. Koridoni pale nilikuwa nimekaa sina la kufanya. Shemeji, nisamehe."

Fundi alimshika mkono, lakini kichwa alikitikisa.

"Lakini aliyeshika upanga ni mimi," alimwambia Inspekta. "Mtaniachia, sawa. Mimi upanga sishiki tena. Na yeye sijui nitamtazama vipi."

"Nisikilize. Bamba lilikuwa na ufa, kwa hiyo pale kooni hapakuwa na kinga. Daktari kasema nguvu kidogo zaidi na tungempoteza. Kitu gani kilipunguza hiyo nguvu? Bamba hapana. Ni hivi viwiko vyako na hilo sanamu ulilolikimbiza mwezi mzima." Inspekta alisimama, akaliokota lile shati la mteja na kulitundika mahali pake. "Twende. Bado nina shahidi mmoja."

*

Mwalimu alikuwa macho. Bandeji nyeupe ilimzunguka shingo, na daktari wa zamu alimruhusu kutikisa kichwa tu. Inspekta aliingia peke yake kwanza, kama utaratibu unavyotaka, akamwonyesha kile kikinga koo.

"Mshono huu ni wako?"

Mwalimu aliutazama mshono, akakichomeka kidole gumba cha kushoto chini ya shuka kama mwanafunzi aliyefumaniwa. Kisha akakubali kwa kichwa.

"Yeye hakujua?"

Hapana, hakujua.

"Na wewe ulijua hatakuchoma."

Mwalimu alikubali, machozi yakamtoka yakashuka hadi kwenye bandeji. Halafu, bila kuulizwa, aliinua mikono yote miwili juu ya shuka kama ameshika upanga, akaisukuma mbele, akalegeza viwiko na kuiacha ipande taratibu. Akamwonyesha Inspekta dole gumba, lile lenye plasta.

"Nimeuona," alisema Inspekta. "Ni mzuri kweli."

Alikwenda mlangoni, akampisha Fundi, kisha akabaki koridoni pamoja na Koplo na kaka mtu. Akampigia simu mkuu wa kituo na kumwambia hakuna shtaka. Mkuu alitaka maelezo. "Nitakueleza," alisema Inspekta, "ila leo usiniambie 'tena'."

Mlango ulikuwa wazi. Fundi alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono nyuma, haendi mbele wala harudi. Mkewe alimwita kwa kidole. Alipofika kitandani aliinama kumpa paji la uso, kama walivyozoea, lakini Mwalimu aliweka kiganja kifuani mwake na kumzuia.

Alikunja kidole. Akamgonga mumewe kooni kwa kifundo, mara mbili, kichwa amekiinamisha kusikiliza. Kisha akauchukua mkono wa Fundi, akamkunja kidole chake, akausogeza hadi kwenye bandeji, akangoja.

Fundi aligusa bandeji kidogo tu, kama alivyogusa duara la chaki, na kwa kuwa bandeji haina mlio, akautoa mwenyewe kwa mdomo.

"Ko, ko," alisema, akilia.

Ndipo mkewe akauondoa mkono kifuani mwake, akamwacha ainame.